Nduku na Sauti ya Pili

Mwanangu, siku nyingi za kule Saudia nimezisahau, lakini moja imekataa kunitoka. Ilikuwa Ijumaa mchana, mjini Jeddah, chumbani kwa Bi Mize, mtaa wa Al-Baghdadiyah. Sote tuliokuwa tumekaa mkekani siku ile tuligombezwa na yule mama mzee mpaka pilau likarudi jikoni bila kuliwa. Nataka nikueleze tuligombezewa nini, manake wewe unajiandaa kusafiri, na hao unaowaacha nyumbani nataka nao wasome. Mwandiko wangu si mzuri. Shule niliiachia darasa la nne nikaenda kulea wadogo zangu. Utanivumilia.

Nilikwenda Riyadh nikiwa tayari nina watoto. Kwa miaka sikuwa msichana, lakini kwa mambo ya kule nilikuwa kama mtoto wa chekechea. Nafundishwa kuwasha jiko, nafundishwa kufungua mlango, nafundishwa neno gani nilijibu na neno gani nilinyamazie. Aliyenifundisha ni Nduku.

Nduku alikuwa Mkamba wa Machakos, mrefu, mikono mikubwa, mwenye kucheka kwa pua. Alinitangulia kuingia nyumba ile. Siku niliyofika alinipokea jikoni, akanivua mkoba begani, akaniambia, "Mama Saumu, hapa madam akisema yalla, unakimbia. Akisema halas, unaacha hata kama sufuria haijatakata. Akisema mafi, ujue hakuna. Hayo mengine tutayajua mbele kwa mbele."

Basi nikadhani nimepata mfanyakazi mwenzangu tu. Kumbe nimekaa nyumba moja na mwanamuziki.

Sisi wa pwani tukisikia mwanamke anaimba tunafikiria taarabu. Nduku si huko. Yeye alikuwa wa kantri, ile miziki ya wazungu wa kofia pana na farasi, ambayo watu wa bara wanaipenda mpaka wanalia kwenye meza za hoteli. Kabla ya kuja Saudia alikuwa na kofia yake, buti zake, na gitaa la umeme, akipanda jukwaani Jumapili mchana katika mahoteli ya Machakos na Nairobi. Lakini alikuwa na ukaidi wake. Wenye hoteli walimtaka aimbe zile za wazungu kama zilivyo, watu wanazozijua. Yeye anataka za kwake mwenyewe, alizotunga kwa Kiswahili na Kikamba, halafu katikati analiachia gitaa linaunguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo wa mawe. Hiyo, aliniambia, ni roki. Watu wa kantri wakasema huyu ana kelele. Watu wa roki wakasema huyu anaimba mambo ya wazee. Redio ilimpiga Jumapili mbili tatu, ikamsahau. Ndipo akaja Riyadh kutafuta cha kuingilia studio, arekodi nyimbo zake zote pamoja, kwa namna anayotaka yeye.

Mimi sikuwa na maneno matamu wakati ule, na sasa pia sina. Nikamuuliza, "Wewe mwanamke mzima, nyimbo zitakulisha?"

"Hazinilishi, Mama Saumu. Lakini nikikaa bila kuimba nashikwa na kichwa."

Binti mkubwa wa nyumba ile, Hind, alikuwa na gitaa alilonunua akalichoka. Liliegemea ukutani kwake likila vumbi. Nduku akawa kila akipangusa vumbi analitia sauti, anakaza nyuzi kidogo kidogo, analirudisha. Siku Hind alipolishika akalikuta linaitika vizuri, alishuka jikoni nalo mkononi. Mimi nikajua kesho tunarudishwa kwetu. Yule binti akasema, kwa Kiarabu cha polepole ili tumfahamu, "Rudah, wewe?" Ndivyo walivyomwita Nduku mle nyumbani. Nduku akainamisha kichwa. Hind akampa lile gitaa, akamwonyesha kidole juu, darini, kule tulikoanika nguo. Maana yake: pigia huko, mama asisikie.

Kwa hiyo studio yake ikawa juu ya paa, katikati ya matangi mawili ya maji. Alasiri, nyumba nzima ikilala baada ya chakula, sisi tunapanda na beseni la nguo. Mimi naanika, yeye anaimba. Alisema pale katikati ya matangi sauti inarudi vizuri. Tatizo lilikuwa zile mashine za AC, zinavuma bila haya. Alikuwa anangoja ipumzike moja, na ya pili ipumzike, ndipo anabonyeza simu na kuanza. Mara nyingine yuko katikati ya ubeti mtambo unaamka. Anatukana kwa Kikamba, anangoja tena.

Sasa nikueleze habari ya mamake, ndiyo yenyewe.

Nduku alimwita mamake mwaitu, ndivyo wasemavyo kwao. Mama huyu hakuwahi kupanda jukwaa. Lakini tangu Nduku mdogo, wakipalilia maharagwe, mama alikuwa akimwitikia kwa sauti ya chini, ile ya pili. Nduku akasema nyimbo zake zote alizitunga akiwa ameacha nafasi ya sauti ya mamake. Hakuweza kutunga kwa namna nyingine. Kule Riyadh wakabuni njia yao. Nduku anaimba darini, anaituma rekodi kwa simu ya mdogo wake, Mwende, aliyekuwa akikaa na mama kijijini. Mwende anamchezea mama ile rekodi kwenye simu moja, mama anaitikia juu yake, simu nyingine inashika zote mbili. Inarudi Riyadh ikiwa na wimbo, na jogoo, na mbuzi, na mtoto wa jirani anayelia.

Na mama alikuwa anachelewa. Kila wimbo, kila ubeti. Nduku ameshalitaja neno, ameshalimaliza, ndipo mama anaingia, na kabla ya kuingia anavuta pumzi kwa pengo la meno, fyuu. Nduku alikuwa akicheka mpaka anakaa chini. "Nimemwambia mwaitu, wahi! Unajua amenijibu nini? Ati, 'Mimi siendi mbio. Wewe ndiye unayekimbia.'"

Nilimsikia yule mama mara nyingi hivi mpaka nikawa kama namjua. Ijumaa akizungumza na binti yake kwa simu, lazima aulize, "Na yule Mwislamu wako hajambo?" Mwislamu ni mimi. Nami najibu, "Sijambo, mama," na anacheka kwa pua, kicheko kile kile.

Bosi wetu akahamishwa kazi, tukahamia Jeddah wote, mtaa wa Al-Safa. Dereva wetu alikuwa Kioko, kijana wa kwao Nduku, kijiji cha jirani. Nyimbo zikapata miguu hapo. Kioko alizipeleka kwa madereva wenzake wanaokaa garini nje ya maduka wakingoja mamadam wamalize kununua, nao wakazipeleka kwa walinzi, na walinzi kwa dada zao ndani ya majumba. Siku moja nimetoka kutupa takataka, nikamsikia msichana wa nyumba ya pili, ambaye hatujawahi kujuana, anaosha baraza na kuimba wimbo wa Nduku, mpaka ule mchelewo wa mama ameuiga. Watu waliomwona Nduku hotelini na kofia yake hawakumjali. Hawa wasiomjua uso ndio waliomjua. Nilipomwambia, aliendelea kupiga pasi, lakini kola ile ile aliipiga mara nyingi bila kujua.

Hapo ndipo alipotunga ule wimbo mkubwa. "Usizime Jiko," aliuita. Unaanza polepole, gitaa peke yake. Mtoto yuko njiani anarudi, anamwambia mama, usizime jiko, nakuja na njaa ya miaka mingi. Na mama anatakiwa kuitikia, "Linawaka, linawaka." Basi. Maneno ya mama ni hayo tu wimbo mzima, ila kila mara yanaitikiwa juu zaidi, mpaka mwisho mama ndiye anayebaki peke yake anasema linawaka, na gitaa limenyamaza.

Mpango wa Nduku ulikuwa huu, aliniambia na aliwaambia kwao: mkataba ukiisha anarudi, wanaingia studio yeye na mamake, bega kwa bega, warekodi nyimbo zote, na huo uwe wa mwisho. Mama akubali kupanda jukwaani mara moja tu. Mama alikuwa ameshakubali. Alitaka ashonewe gauni jipya.

Akatuma wimbo. Kimya. Akamuuliza Mwende. Mara mama yuko kwa mjomba, hakuna mtandao. Mara koo linamsumbua, ameambiwa asiongee sana. Ijumaa ikaja, mama hakuzungumza. Ijumaa nyingine hivyo hivyo, mpaka miezi ikapita kwa visingizio. Nduku akaanza kukosa usingizi, akasema anakwenda kumwomba madam ruhusa akamwone mamake. Alipowaambia kwao hilo neno la ruhusa, wimbo ulirudi upesi sana, na sauti ya pili imo.

Tulipanda darini kuusikiliza. Nilikuwa nimeshika vibanio mdomoni. Nikausikia mpaka mwisho, nikavitoa vibanio nikasema, "Subhanallah. Nduku, huu ndio mzuri kuliko zote ulizowahi kufanya."

Alikuwa amekaa juu ya beseni lililofunikwa. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo maana."

"Maana ya nini?"

"Huyu si mwaitu."

"Wewe! Hiyo ni sauti ya mamako, mimi mwenyewe naijua."

"Sauti ni ya kwao. Ya ukoo. Lakini sikiliza, Mama Saumu." Akaurudisha. Usizime jiko, mama. Linawaka. "Umesikia? Ameingia sawasawa. Mwaitu hajawahi kuingia kwa wakati tangu nizaliwe. Na pumzi je? Iko wapi ile pumzi?" Akaurudisha tena, na tena. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayehesabu mafungu, "Huyu ni Mwende. Na kama Mwende anaimba mahali pa mwaitu, mwaitu yuko wapi?"

Nikamwambia kesho ni Ijumaa, tutakwenda kwa Bi Mize, huko kuna watu wa kwenu, utauliza.

Bi Mize alikuwa mwanamke wa Unguja, amekaa Jeddah miaka kabla ya wengine wetu kuolewa. Ijumaa anapika, na wafanyakazi wenye ruhusa wanakuja kula na kukaa kidogo na watu wanaowaelewa, Waislamu na Wakristo, yeye habagui, ila ukiingia na viatu atakutoa. Siku ile tuliwakuta wanawake wa Machakos wamejaa, na Kioko amekaa mlangoni, maana yeye ndiye aliyetuleta na ndiye atakayeturudisha.

Nduku hakukaa. Aliiweka simu katikati ya mkeka, karibu na sinia, akaubonyeza ule wimbo. Chumba kizima kikasikiliza. Ulipokwisha akasema, "Nani kati yenu anamjua huyu anayeitikia?"

Mmoja akainua bilauri ya maji isiyo na maji. Mwingine akaanza kumfunga mwanasesere wa mtoto nywele, na mtoto hakuwepo. Kioko aliangalia nje.

Bi Mize alikuwa jikoni. Akatokea na mwiko mkononi, akatutazama mmoja mmoja. "Mna nini nyie? Mbona mmenyamaa kama mmeiba?" Akaunyosha mwiko mlangoni. "Kioko. Mwana we, nakuuliza wewe unayetazama barabara kama hujaiona. Mama wa huyu yu mzima?"

"Bi Mize, sisi tuliambiwa tusiseme."

"Nimekuuliza yu mzima?"

Kioko akaanza kulia pale pale alipo, mwanamume mzima na funguo za gari mkononi. "Wazee waliamua. Walisema atachanganyikiwa kwa watu, atafanya kosa, atafungwa. Walisema amalize mkataba kwanza, ataambiwa akifika. Si huyu tu. Kwetu wote tunafanyiwa hivyo."

"Tangu lini?" Nduku ndiye aliyeuliza.

"Kabla ya mvua," Kioko akasema. "Mahindi yaliyopandwa baada ya mazishi yameshavunwa."

Mimi nilimshika Nduku mkono. Hakuanguka, hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, akaichukua ile simu, akaizima.

Bi Mize ndipo alipoanza. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile, na siku ile pia hakuipaza sana. "Mnakuja hapa Ijumaa baada ya Ijumaa, mnakula pilau langu ubavu kwa ubavu na huyu mwanamke, mnamwomba awaimbie, na maiti ya mamake mmeitia mfukoni? Mmemfanya mtoto? Huyu analea watoto wa watu, anapikia ukoo mzima, anabeba nyumba ya ghorofa kichwani, halafu ati hawezi kumlilia mamake? Nani kawaambia? Mie babangu alikufa niko Riyadh. Wakanificha. Unajua nani aliyenipa pole? Muuza ndizi. Nimerudi Unguja kwa furaha, nimekwenda sokoni kununua ndizi za kumpelekea baba, muuza ndizi ananiambia pole kwa mzee. Nikazishika zile ndizi nisijue nimpe nani. Mpaka leo najiona nimesimama pale. Kilio ni mali ya mtu. Mkimnyima kilio chake kwa siku yake, hamumsaidii, mnamwibia, na hamtaweza kumrudishia."

Halafu akageukia sinia, akaliinua na pilau lake, akalipeleka jikoni. "Hapa hakuliwi. Hapa pana msiba. Tandikeni mkeka vizuri, mwenye msiba akae katikati."

Tukakaa matanga, matanga ya mtu aliyezikwa zamani, katika nchi ambayo hakuwahi kuikanyaga. Wanawake wa Kikamba wakataka kuimba, ndivyo kwao msibani. Wakaanza, wakashindwa. Kila msiba uliotokea tukiwa kule, aliyetuimbia alikuwa Nduku. Sasa aliyefiwa ni yeye, na hapakuwa na mtu wa kushika wimbo. Tukakaa hivyo hivyo, mtu anavuta kamasi, mtu anasema wimbo upi, mwingine anasema acha.

Jioni alimpigia Mwende, mbele yetu. Hakumtukana. Aliuliza tu, "Alikufa akisema nini?" Upande wa pili Mwende analia mpaka maneno hayakamatiki. Nilichosikia ni kwamba wazee walimlazimisha. Kwamba alijifunza kuimba kama mama kwa kusikiliza zile rekodi za zamani, peke yake, shambani. Na kwamba kila alipotaka kuchelewa kama mama, alishindwa kwa hofu ya kukosea. Masikini, alikosea kwa kupatia.

Madam naye, nitasema haki yake. Nduku alimwambia kwa kile Kiarabu chetu cha kuokoteza, "Mama mafi. Mama halas." Yule mwanamke alikaa sakafuni jikoni na nguo zake za kutokea, akamshika. Baba wa nyumba akasema ruhusa itatafutwa. Nduku akakataa. Aende kufanya nini?

Wakati sisi tunalia, ule wimbo ulikuwa unatembea. Nduku alikuwa amemtumia Kioko mara tu ulipoingia, kama kawaida yake, naye Kioko akawapa madereva kabla hajausikiliza mwenyewe. Ukafika Riyadh, ukafika Kenya, na mwenye studio mmoja wa Nairobi akausikia. Huyo ndiye ambaye Nduku alimfuata miaka akitaka kusikilizwa, naye asimfungulie mlango. Sasa anampigia yeye. Anautaka wimbo kama ulivyo, pamoja na sauti ya pili. Ameshaupeleka redioni, watu wanapiga simu kuuliza ni nani huyu. Na alipoambiwa kwamba mama amefariki, hakusema pole. Alisema, "Basi imekuwa kubwa zaidi! Tutasema hii ndiyo sauti ya mwisho ya mama."

Nduku akamweleza, "Hiyo si sauti ya mama. Ni ya mdogo wangu. Mkisema jina la mdogo wangu, toeni."

Yule bwana akacheka. "Dada, watu hawalilii mdogo wako. Wanalilia mama. Nani atajua?"

Kwao walimpigia wote, mjomba, shangazi, Mwende mwenyewe. Wakamsihi akubali. Mama ameshakwenda, hatadhurika, na wewe hiki ndicho ulichokitafuta maisha yako yote, wimbo wako umeshika nchi. Hata mimi alinigeukia darini akaniuliza, "Mama Saumu, wewe unasemaje?" Nikamwambia wimbo si wangu, wala mama si wangu. Amua, halafu usijute mbele yangu.

Alikaa na gitaa la Hind mapajani, asilipige. Akasema, "Mimi nilidanganywa kwa sauti hii ili nisilie. Sasa niwadanganye watu kwa sauti hii ili walie?"

Akamkatalia mwenye studio. Yule naye akakasirika, akauondoa wimbo redioni, na akahakikisha wenzake wanajua kwamba yule mwanamke wa Saudia ana kiburi. Baada ya muda mfupi watu waliupata wimbo mwingine wa kulilia. Kazi yake ya muziki, ile aliyoijenga kwa miaka, tangu kofia na buti mpaka matangi ya maji, iliishia pale, siku alipokuwa ameikaribia kuliko siku zote.

Mkataba wake uliisha kabla ya wangu. Mimi nilirudi baadaye, nikalea wajukuu, nikawa na sababu na visingizio vya kutokwenda Machakos. Mwaka jana nikaenda. Nikamkuta Jumapili mchana katika hoteli ndogo, mvi zimeshika, anawaimbia watu wanaokula nyama. Wengi hawakuwa wakisikiliza. Aliponiona alicheka kwa pua, akaimba "Usizime Jiko."

Usizime jiko, mama, nakuja na njaa ya miaka mingi. Akanyamaza. Gitaa akalishika kwa kiganja lisilie. Ile nafasi ya kuitikia akaiacha tupu, urefu ule ule, na mchelewo wake, kisha akaendelea. Kila ubeti hivyo. Watu wageni walidhani amesahau maneno. Kijana mmoja mlevi kidogo akaijaza, akapaza sauti, "Linawaka!" Nduku akaacha kuimba kabisa, akamtazama, mpaka yule kijana akarudisha macho kwenye sahani yake. Kisha akaanza upya tangu mwanzo.

Mwende alikuwepo, amekaa mlangoni na watoto wake. Huja kila Jumapili. Tulipotoka nilimuuliza Nduku, "Mbona humwiti mdogo wako aingie hapo? Bado una kinyongo?"

"Mwende nimemsamehe siku ile ile," akasema. "Sauti yake ndiyo siwezi. Akifungua mdomo, naanza kuisikiliza ile pumzi kama itakuja."

Basi, mwanangu. Mimi si mtu wa kuzungusha, nitakwambia wazi.

Wewe unayesafiri: kabla hujabeba begi, waketishe watu wako wote, wazee kwanza, uwaambie, "Nikiwa kule, akiumwa mtu niambieni. Akifa mtu niambieni siku hiyo hiyo." Nao wakuahidi mbele ya mashahidi. Wakikwambia utachanganyikiwa, waambie utachanganyikiwa zaidi ukisikia kwa muuza ndizi. Na ukifika kule, tafuta mtu mmoja mzima wa akili unayeweza kulia mbele yake, kabla hujapata la kulilia.

Nanyi mnaobaki: mnapoficha msiba mnajiambia ni huruma. Angalieni vizuri. Sehemu kubwa ni uoga wenu wa kumsikia mtu analia nanyi mko mbali hamwezi kumshika. Uvumilieni huo uoga. Msiwatume watoto kuigiza sauti za marehemu. Yule Mwende hakuua mtu, lakini amekaa mlangoni mpaka leo.

Na wewe mwenye kipawa, cha kuimba au cha kingine chochote, atakuja mtu siku moja akutake ukitoe pamoja na uongo mdogo ndani yake, na uongo wenyewe utakuwa mtamu, na nyumba nzima itakusihi ukubali. Ukikataa, sikuahidi kwamba utalipwa. Nduku hakulipwa. Nakwambia tu kwamba nilimwona akiimba, hakuna aliyemsikiliza, na hakuwa na aibu na neno hata moja lililotoka kinywani mwake. Hilo sikuliona kwa watu wengi.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akutangulie katika mlango wa watu, akupe madam mwenye moyo na baba mwenye haya. Mikono yako isiungue, jina lako lisipotee, na habari za kwenu zikufikie siku yake, ya arusi na ya msiba. Na walio nyuma yako Mungu awape ulimi wa kweli, nawe akupe kifua cha kuipokea. Amina.